Je, wajua kwa nini huruma peke yake haimgeuzi paka shume, yaani paka wa mtaani asiyezoea watu, awe dume au jike, kuwa paka wa ndani?

Anakuja kila jioni kula ulichomwekea, lakini ukisogea hatua moja tu, hayupo. Unamhurumia, hasa mvua ikinyesha, na unaanza kujiuliza kama si bora umkamate umfuge ndani.

Jibu lilianza kuandikwa kabla hamjakutana. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi tangu azaliwe, mtoto wa paka hujifunza nani wa kuaminiwa. Akishikwa na kubebwa na watu kipindi hicho, binadamu huwa mwenzake. Akikikosa, binadamu hubaki mnyama mkubwa mwenye nia ya kumla. Ni kweli kwamba paka wamekaa karibu nasi kwa takriban miaka 10,000, tangu wakulima wa kwanza walipoanza kuhifadhi nafaka na kuvutia panya, lakini mtoto wa paka hazaliwi na imani hiyo. Kila mmoja hujifunza upya.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumjua uliye naye. Huenda si shume, bali ni paka wa mtu aliyepotea au kutelekezwa, na huyo hurudi kwenye maisha ya nyumbani vizuri sana. Mtazame akiwa huru: anakukodolea macho, anainua mkia, anakulilia nyau? Paka wakubwa hawaliliani nyau mara kwa mara. Mlio huo wanautumia zaidi kwa watu. Shume hutembea ameinama, mkia chini, kimya. Usimpime akiwa ndani ya mtego, kwa sababu hata paka aliyelelewa kitandani hufoka na kurusha makucha akibanwa. Mpe siku kadhaa katika chumba kidogo chenye boksi la kujificha, na uulizie majirani kama kuna aliyepotelewa.

Watoto wa paka walio chini ya wiki 8 wachukue bila kusita, mradi wawe wameanza kula wenyewe. Wengi huzoea haraka. Wakipita miezi 4, kazi huwa ndefu na matokeo hayana uhakika.

Shume aliyekomaa ndiye anayeniumiza roho, maana watu humfungia ndani kwa nia njema kabisa. Anajibana nyuma ya friji mchana kutwa, anatoka kula usiku mkilala, anakojolea nguo, anajilamba mpaka manyoya yananyonyoka. Wengine hugoma kula, na paka asiyekula kwa siku chache anaweza kujaa mafuta kwenye ini na kufa. Tunadhani tumemwokoa, kumbe yeye yuko kizuizini na adui yake.

Mimi ningemwacha nje, lakini si hivi hivi. Mkamate kwa mtego wa kizimba, si kwa mikono, umpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe au afungwe kizazi, achanjwe kichaa cha mbwa, kisha mrudishe palepale ulipomtoa. Usichelewe kwa jike: anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na huibeba kwa wiki 9 hivi. Ukiona ncha ya sikio moja imekatwa bapa, mara nyingi ni alama kwamba ameshafanyiwa. Na akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kazi ngumu ni pale ambapo hapana pa kumrudisha, kwa mfano jengo analoishi likibomolewa. Hapo mtafutie ghala au banda ambalo mwenyewe anahitaji mwindaji wa panya na atamwekea chakula na maji kila siku. Asifunguliwe siku anayofika, kwani atakimbia kurudi kwao na kupotea njiani. Akae kwenye kizimba kikubwa humohumo bandani kwa wiki 2 hadi 4, alishwe saa zilezile, azoee harufu na sauti za mahali hapo, ndipo mlango uachwe wazi.