Kabla ya Kupanda Mikoko, Tafuta Kilichoiua

Mvua zikikaribia, simu za kituo chetu cha misitu hazitulii. Vikundi vya vijana, shule, makanisa, misikiti, makampuni kutoka Nairobi: wote wanataka kupanda mikoko, na wengi wanataka iwe Jumamosi ijayo. Ari hii imekua sana tangu Serikali ianzishe mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na hasa tangu tarehe 13 Novemba 2023 ilipofanywa siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti. Tunashukuru kwa dhati. Sijapata kukutana na kikundi kilichokuja na nia mbaya.

Tatizo liko kwenye swali la kwanza. Karibu kila anayepiga simu huuliza, "Mna miche mingapi?" Ni nadra mtu kuuliza kwa nini mahali pale hapana mikoko.

Kikundi kimoja kilinichukua kwenda kuona shamba lao miezi minane baada ya kupanda. Bahari ilikuwa imekupwa. Tulitembea juu ya nyasi za baharini, maji yakitufika kifundoni, hadi kwenye mistari ya vijiti iliyonyooka kama ya mahindi. Niling'oa kimoja. Shina lilikuwa limevikwa viumbe wadogo wenye magamba makali kutoka chini hadi juu, jani limebaki moja, na mizizi haikuzidi urefu wa kidole. Mwenyekiti akaniuliza, "Bwana afisa, mbuzi hawafiki huku. Ni nini kimeila?" Hakuna kilichoila. Ilipandwa mahali ambapo mkoko haujawahi kuota, kwa sababu maji hukaa pale saa nyingi mno kila siku na mche unakosa pumzi.

Tunalisema hili katika kila mkutano na bado halijashika, kwa hiyo nalirudia: tope lililo wazi si uwanja mtupu. Ndege hula hapo, samaki hula hapo maji yakijaa, na nyasi za baharini ni makazi kamili yenye wenyewe. Kupanda mikoko juu yake ni kuharibu kimoja bila kupata kingine. Sri Lanka walilipia somo hili baada ya tsunami ya 2004. Katika maeneo 23 yaliyopandwa mikoko na kukaguliwa baadaye, 9 hayakuwa na mche hata mmoja uliosalia.

Mikoko huota nusu ya juu ya ufuo, kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi pale maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku nyingine za mwezi, yanapoishia. Kujua usawa huo hakuhitaji mashine. Chukua mpira wa maji ule ule ambao fundi wa nyumba hutumia kupima usawa wa msingi. Shika ncha moja kwenye mikoko iliyo hai na yenye afya karibu na hapo, ncha nyingine mahali unapotaka kupanda. Ukikuta ni chini zaidi ya mti wa mwisho upande wa bahari, acha. Rudi tena wakati wa bamvua uone kama maji yanafika kweli, maana kuna sehemu za nyuma zimekauka na kujaa chumvi kwa kuwa barabara au tuta la mabwawa ya chumvi limeyafungia njia.

Hapo ndipo swali la chanzo linapokuwa na uzito. Kule Mwache, karibu na Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya juu, ukafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Ukipanda chini bila kuzungumza na wakulima wa juu, unaandaa kafara ya mvua ijayo. Kama chanzo ni tuta, huenda kinachohitajika ni kalvati moja na kuzibua mkondo, kisha mbegu zitaletwa na maji zenyewe kutoka kwa miti mama, bila gharama ya miche. Kama ni ukataji, lazima mpango useme waliokuwa wakikata boriti na kuni sasa watapata wapi. Mikoko ya Gazi, kusini mwa Mombasa, ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda, na upandaji wa majaribio ulioanza 1991 ulikuja baada ya ukataji ule kukoma.

Kuhusu aina: mbegu ya mkoko wenyewe ni ndefu, rahisi kuokota, unaichomeka tu. Ndiyo maana kila mtu hupanda hiyo, hata mahali pa aina nyingine za mikoko, kama mlilana unaokabili bahari au mkandaa na mchu wa upande wa nchi kavu. Angalia jirani yako ameota nini. Na mbegu ya mkoko iwe imekomaa: ile shingo iliyo kati ya tunda na mbegu ibadilike kuwa ya manjano. Ya kijani itaoza.

Sasa vibali. Wengi wanaamini kupanda mti hakuhitaji ruhusa ya mtu. Shambani kwako, ndiyo. Mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi tangu 1932, na leo inasimamiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Mbegu unazookota ni mazao ya msitu. Kuzichukua, kuchimba, kufungua njia, au kuwamo msituni usiku bila idhini ni kosa, na mahakama ikikutia hatiani faini haipungui shilingi 100,000, au kifungo, au vyote viwili. Hatufurahii kumfikisha mahakamani mtu aliyekuja kupanda.

Utaratibu ni huu. Jamii inayotaka kushiriki husajili chama cha msitu, CFA kama tulivyozoea kuiita. Chama huomba kwa KFS, yaani Huduma ya Misitu Kenya, huandaa pamoja nasi mpango wa usimamizi shirikishi, kisha hutia saini mkataba unaosema haki zake na wajibu wake. Kampuni au shule isiyo na chama hupitia kwa CFA ya mahali hapo, na kituo chetu huelekeza. Ikiwa mradi una kuchimba mikondo au kuondoa tuta, Sheria ya Mazingira ya 1999 inataka tathmini ya athari na idhini ya maandishi kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya jembe la kwanza. Barua ya chifu haitoshi. Picha ya kibali kwenye simu ya mtu mwingine haitoshi pia.

Na kaboni. Wanaotutajia Mikoko Pamoja, mradi wa jamii ya Gazi, wanasema kweli: tangu 2013 unauza hati za takriban tani 3,000 kwa mwaka za hewa ya ukaa inayozuiliwa na msitu, na fedha zimepeleka maji na vitabu vya shule vijijini. Lakini hekta za mradi huo 117 kwa sehemu kubwa ni msitu wa asili uliolindwa usikatwe. Miche mipya ni sehemu ndogo. Anayewaahidi wanakijiji fedha za kaboni kwa miche ya mwaka huu anawapotosha. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka mkataba wa maendeleo ya jamii na angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhi ya umma au ya jamii iende kwa jamii kila mwaka. Biashara ya kaboni bila idhini inaweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 500 au kifungo cha hadi miaka 10. Tafadhali msitie saini karatasi ambayo hamjasomewa kwa lugha mnayoielewa.

Jambo moja linaloniuma ni bajeti. Naona fulana, mahema, chakula na miche, kisha ukurasa unaisha. Ni nani atakayehesabu walio hai baada ya miezi sita, mwaka, miaka mitatu? Ni nani atakayeondoa takataka zilizonasa kwenye miche baada ya bamvua? Mradi usio na fungu la miaka mitatu hatuupitishi, hata mfadhili awe nani.

Ukija kituoni, njoo na ramani ya eneo hata ya kuchora kwa mkono, jina la CFA, na maelezo ya wazee kuhusu mikoko ilivyokuwa pale na lini iliondoka. Siku ya kwenda kuona tutaipanga kwa kalenda ya maji, tufike bahari ikiwa imekupwa. Mpira wa maji tunao.