Ethiopia chini ya Wafashisti, 1936–1941: yanayosemwa na yaliyotokea

"Ethiopia haikutawaliwa kamwe."

Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei 1936, na jeshi la Mussolini, mtawala wa Kifashisti wa Italia, likakaa miaka mitano. Ukikana hilo unawafuta waliofia humo. Ila kuuteka mji mkuu hakukuwa kuiteka nchi. Waitaliano walishika miji, ngome na barabara kuu. Katika milima ya majimbo ya Shewa, Gojjam na Begemder waliingia kwa misafara yenye silaha nzito, na mara nyingi walipoondoka tu, mamlaka yao yaliondoka nao.

"Waethiopia walishindwa kwa sababu walikuwa na mikuki tu."

Bunduki zilikuwapo, tena nyingi, ingawa zilikuwa kuukuu na za aina mbalimbali, risasi za moja haziingii katika nyingine. Kilichovunja majeshi ni ndege, na kilichobebwa na ndege hizo: haradali ya sumu. Italia ilikuwa imetia saini mkataba wa Geneva wa 1925 uliopiga marufuku silaha hiyo. Ikaanza kuimwaga Desemba 1935, na jeshi la kamanda wa Ethiopia, Ras Imru, kwenye mto Takkaze likawa miongoni mwa ya kwanza kuipata.

Watu huiita gesi, na neno hilo linapotosha. Ni kimiminika chenye mafutamafuta. Bomu la C.500.T lilibeba kama kilo 212 za sumu hiyo na kupasuka hewani, mita 250 hivi juu ya ardhi, matone yakanyesha kama manyunyu. Hata kinyago, kwa wachache waliokuwa nacho, kililinda macho na mapafu tu, kwa kuwa sumu hupenya ngozini. Askari wengi walikwenda miguu mitupu, wamejitanda shamma, shuka ya pamba inayofyonza kila tone. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mwanzoni haiumi. Mtu huendelea kutembea kwenye majani yaliyolowa na kujifuta uso kwa shuka ileile. Saa kadhaa baadaye ngozi hutoka malengelenge na macho hufumba kwa uvimbe. Kwenye baridi na kivuli sumu hukaa ardhini siku kadhaa, hivyo mchunga ng'ombe anayepita baada ya vita naye huungua. Mwaka 1996 Italia ilikiri rasmi kwamba iliitumia.

"Wazalendo walikaa wakiwasubiri Waingereza."

Waingereza walijiunga na vita hivyo Juni 1940. Kufikia hapo *arbegnoch*, kama wapiganaji hao walivyoitwa, walikuwa wamepigana miaka minne bila nchi yoyote nyuma yao. Silaha nyingi waliziteka, au ziliwajia na askari wenyeji waliotoroka jeshi la Italia. Kundi lisilotajwa vya kutosha ni wazalendo wa ndani, waliobaki mijini, hata katika ofisi za adui, wakipenyeza risasi, dawa, nguo na habari za misafara. Shewareged Gedle alikuwa mmoja wao. Alifungwa kisiwani Asinara, Italia, na aliporudi akaendelea na kazi ileile. Mwaka 1941 askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Waafrika kutoka Afrika Mashariki, walipopanda kupitia Somalia, walimkuta adui aliyekwisha kutawanya wanajeshi wake kulinda barabara na ngome.

"Waitaliano walikuja kukomesha utumwa."

Utumwa ulikuwapo Ethiopia, na Jenerali De Bono wa Italia alitangaza kuufuta Tigray Oktoba 1935. Miaka ileile, ndani ya Somalia ya Italia, mashamba ya ndizi na pamba ya mabonde ya Juba na Shebelle yalilimwa kwa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Waliokamatwa vijijini ni hasa watu wa Gosha, wakulima wa bonde la Juba, wakiwemo Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka bara ya Tanga karne ya 19, na ambao Kizigua hawajakiacha hadi leo. Wenyewe kazi hiyo waliiita *kolonya*. Mkulima aliyepelekwa huko msimu wa kupanda alikosa kupanda kwake, na nyumbani njaa ikaingia. Italia iliposhindwa mwaka 1941, waliyakimbia mashamba hayo kwa wingi.

"Wafashisti wa Italia hawakuwa wakatili."

Tarehe 19 Februari 1937 Graziani, mtawala mkuu wa Italia nchini Ethiopia, alitupiwa mabomu ya mkono Addis Ababa, akanusurika. Yaliyofuata ni siku tatu za kuua raia na kuchoma nyumba zikiwa na watu ndani. Serikali ya Ethiopia ilitaja waliouawa kuwa 30,000. Mwanahistoria Ian Campbell anakadiria 19,200. Mei mwaka huo ilikuwa zamu ya monasteri ya Debre Libanos: telegramu za Graziani mwenyewe zinahesabu 449 waliopigwa risasi, na watafiti wanapata zaidi ya mara tatu ya hao. Mwaka 1950 mahakama ya Italia ilimhukumu miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani, akaachiwa baada ya miezi michache. Kwa ya Ethiopia hakushtakiwa popote.