Mashine pepe iko wapi hasa?

Wanaoanza kazi ya seva huniuliza sana swali hilo. Mashine pepe ni kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, ikiwa na mfumo endeshi wake. Jibu fupi: ni faili. Fungua folda ya VirtualBox, mojawapo ya programu za kuendeshea mashine pepe, utalikuta, mara nyingi limeishia na .vdi. Mfumo endeshi uliosakinishwa humo huliona kuwa diski nzima. Ukiipangia GB 50, mfumo utahesabu GB 50, ilhali kwenye diski yako halisi faili hilo huenda halijafika hata GB 10, kwani hukua kadiri linavyoandikwa.

Ila faili peke yake halifanyi kazi. Kinachoiendesha mashine ni programu iitwayo haipavaiza, inayogawa prosesa, RAM na mtandao, na ugumu wake uko hapa: kila mfumo endeshi umezoea kuwa bwana wa kompyuta. Hutoa amri ambazo programu za kawaida haziruhusiwi kuzitoa, kama kupanga upya kumbukumbu au kusimamisha prosesa. Mifumo miwili ikiachiwa mamlaka hayo kwa pamoja, kompyuta hukwama mara moja. Kwa hiyo mgeni, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe, huwekwa daraja la chini bila kujua. Akijaribu amri nzito, prosesa humkatiza na kuikabidhi haipavaiza usukani. Nayo humtimizia ombi ndani ya mipaka yake, kisha humrudisha alipoishia. Amri nyepesi, kama kujumlisha namba, hupita moja kwa moja, ndiyo maana mashine pepe haiwi nzito kama watu wanavyohofia.

IBM walikuwa na ujanja huu tangu miaka ya 1960. Prosesa za x86, aina iliyomo kwenye kompyuta nyingi za Intel na AMD, ndizo zilizosumbua. Amri kama POPF, ikitolewa na asiye na mamlaka, haikatizwi: sehemu yake nyeti hupuuzwa kimyakimya, na haipavaiza haipati habari. VMware, iliyoanzishwa 1998, ilipita humo kwa kuzibadilisha amri hizo papo hapo kabla hazijafika kwenye prosesa. Intel walileta VT-x, uwezo wa prosesa yenyewe kumkatiza mgeni, mwaka 2005, AMD wakafuata na wao 2006. Basi programu ikilalamika kwamba VT-x imezimwa, usiisakinishe upya. Ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa inapowaka, ukaiwashe VT-x.

RAM haizaliani, jamani. Kompyuta yenye GB 8 ukimpa mgeni GB 6, mwenyeji, yaani mfumo endeshi wa kompyuta yenyewe, ndiye atakayekwama. Mimi sivuki nusu.

Ninachokipenda zaidi ni snapshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine pepe ya wakati fulani ili uweze kuirudia. Ukiichukua kabla ya kusasisha hifadhidata, diski hainakiliwi. Faili la zamani hugandishwa, na kila badiliko huandikwa kwenye faili jipya kando. Sasisho likiharibika, lile jipya linatupwa na mashine inarudi ilivyokuwa. Lakini yote mawili kwa kawaida yamekaa kwenye diski ileile halisi, na jipya halisomeki bila la zamani, kwa hiyo anayeiita snapshoti nakala rudufu anajidanganya. Nakala iweke kwenye diski nyingine.