Jazi huru ni nini, na imejikomboa na nini?

Anayesikia jazi huru kwa mara ya kwanza huweza kudhani wapigaji wamegombana jukwaani. Jina lenyewe halimsaidii, kwa kuwa "huru" masikioni mwa wengi ni jirani wa "ovyo". Swali zuri zaidi ni hili: imejikomboa na nini?

Katika jazi iliyozoeleka, wimbo hupigwa kwanza, kisha kila mpigaji hupata zamu ya kutunga papo kwa papo. Lakini hatungi atakavyo. Piano inazungusha mfuatano uleule wa hamonia, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, ukiisha unaanza upya, na noti za mpigaji sharti zipatane nao. Jazi huru iliuondoa mzunguko huo.

Lawama nyingi za kuuondoa zilimwangukia Ornette Coleman, mpiga saksafoni Mmarekani aliyezaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1930. Kundi lake la watu wanne halikuwa na piano kabisa. Saksafoni yake ilikuwa ya plastiki. Ya shaba ilimshinda bei. Novemba 1959 alianza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York. Mkataba wa wiki mbili ukarefuka hadi wiki kumi, huku wanamuziki wenzake wakibishana kama huyu bwana anajua kupiga au anawachezea watu akili.

Sikiliza "Lonely Woman" ya mwaka huohuo. Ngoma za Billy Higgins zinakimbia. Chini yake besi ya Charlie Haden inavuma. Kisha Coleman na Don Cherry, mpiga koneti (aina ya tarumbeta fupi), wanaingia polepole, wakiuvuta wimbo wa huzuni kana kwamba ngoma hawazisikii. Wanazisikia sana, ila hawazifuati kwa kuhesabu. Wanafuatana kwa pumzi, kama watu wawili waliozoea kuimba pamoja. Kwangu mimi, hapo ndipo maana ya dhana hii ilipo: kanuni ikiondoka, kazi yake inachukuliwa na masikio.

Albamu ya Coleman iliyoupa mtindo jina, "Free Jazz" (yaani jazi huru), ilirekodiwa Desemba 1960: makundi mawili ya watu wanne, kila moja kwenye spika yake, kwa dakika 37 hivi. Hata humo vipande vifupi vilivyopangwa mapema hutangulia zamu ya kila mpigaji.

Coleman alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki, tuzo yenye heshima kubwa Marekani, mwaka 2007, akiwa na miaka 77.