Damu Iliyomo Kichupani Bado Inakula Sukari

Mwanafunzi anayeanza biokemia chuoni huonyeshwa mchoro wa seli wenye kila kitu: kiini, mitokondria (vituo vya kuzalisha nishati), ribosomu (vitengenezaji vya protini) na tando zilizokunjana. Mchoro ni sahihi, ila unamtupia mambo mengi kwa mpigo. Ni afadhali aanze na seli iliyopungukiwa karibu na vyote hivyo, yaani chembe nyekundu ya damu. Ikishakomaa haina kiini, haina mitokondria wala ribosomu. Upana wake ni mikromita 7 hadi 8. Ndani yake mmejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, takriban molekuli milioni 270, pamoja na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kemikali, vilivyotengenezwa ilipokuwa changa. Kimeng'enya kikichakaa hakitengenezwi kingine. Kwa akiba hiyo chembe huishi siku 120 hivi.

Kwa kuwa haina mitokondria, chembe inayobeba oksijeni ya mwili mzima haiwezi kuitumia oksijeni hiyo kujipatia nguvu. Njia iliyobaki ni moja: glikolisisi, yaani kuivunja glukosi (sukari ya damu) kwa hatua 10 bila ya oksijeni. Glukosi hupita katika utando kwa protini iitwayo GLUT1, ambayo haingoji insulini. Hatua ya 1 na ya 3 hula molekuli 2 za ATP, kibeba nishati cha seli, hatua ya 7 na ya 10 hurudisha 4, na faida inabaki 2. Seli yenye mitokondria hupata 30 hadi 32 kwa glukosi hiyo hiyo.

Mwisho wa njia ni piruvati, nayo hugeuzwa kuwa laktati. Wanafunzi wengi huikariri hatua hii bila ya kujiuliza ina kazi gani. Hatua ya 6 inahitaji NAD⁺, molekuli inayopokea hidrojeni, na huigeuza kuwa NADH. NAD⁺ ikimalizika, glikolisisi yote inasimama hata kama glukosi imejaa tele. Kimeng'enya cha laktati dehidrojenezi huipa piruvati ile hidrojeni na kuirejesha NAD⁺. Kuiita laktati taka ni kukosea, maana ini huichukua na kuijenga upya kuwa glukosi, kwa gharama ya ATP 6. Baina ya daku na futari, ubongo na misuli vina nafasi ya kutafuta nishati mbadala kadiri mfungo unavyorefuka, lakini chembe nyekundu haina uwezo wa kuchoma mafuta wala ketoni. Ini ndilo linaloilisha muda wote huo.

Umetaboli huu hausiti damu inapotoka mwilini. Katika kichupa kisicho na kemikali ya kuzuia glikolisisi, kwenye joto la kawaida la chumba, glukosi hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Joto likizidi, au chembe nyeupe zikiwa nyingi kupita kiasi, kasi huongezeka. Tuseme mgonjwa wa Konde, kisiwani Pemba, ametolewa damu asubuhi kabla ya kula, na glukosi yake halisi ni 7.4 mmol/L. Kichupa kinangojea gari la kwenda Wete, zinapita saa 3. Kwa upungufu wa asilimia 6 kwa saa, mashine itasoma karibu 6.1. Kiwango cha kutambua kisukari kwa aliyefunga ni 7.0. Mgonjwa huyo ataambiwa hana kisukari, na mashine haina kosa lolote.

Ndiyo maana ya kichupa chenye kizibo cha kijivu. Ndani mna sodiamu floraidi, aghalabu miligramu 2.5 kwa kila mililita ya damu, pamoja na potasiamu oksaleti ya kuzuia damu isigande. Floraidi huzuia enolezi, kimeng'enya cha hatua ya 9. Hapa pana jambo linalosahauliwa sana: enolezi iko karibu na mwisho wa njia, kwa hiyo vimeng'enya vilivyotangulia huendelea kumeza glukosi kwa saa 1 au 2 za mwanzo, wakati mwengine hata 4, ndipo kiwango kinapotulia. Floraidi peke yake haitoshi kuiokoa saa ya kwanza. Kilicho bora ni kuzungusha damu kwenye sentrifuji na kuitenga plazima (majimaji ya damu yasiyo na chembe) ndani ya dakika 30, au kukiweka kichupa kwenye maji yenye barafu mara tu baada ya kutoa damu. Vichupa vyenye sitreti hufanya kazi mapema zaidi, kwani tindikali yake huzuia hatua za juu, ikiwemo ile ya kwanza. Kichupa kijazwe hadi alama yake na kipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Kikijazwa nusu, floraidi huwa kali na chembe hupasuka. Kikitikiswa kwa nguvu, hupasuka vile vile.

Barafu hiyo hiyo huharibu kipimo chengine. ATP nyingi ya chembe nyekundu huendesha pampu ya utando, inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Potasiamu ndani ya chembe ni karibu 100 mmol/L, ilhali katika plazima ni 3.5 hadi 5.0. Baridi huizima pampu, potasiamu inavuja, na majibu yanaonyesha hatari ambayo mgonjwa hanayo. Basi damu ya glukosi iwekwe barafuni, ya potasiamu isiwekwe. Wala potasiamu isipimwe kwa kichupa cha kijivu, kwani chumvi yake yenyewe ina potasiamu.

Si glukosi yote inayofuata njia hiyo. Sehemu ndogo huchepuka mapema, na kimeng'enya kiitwacho G6PD huitumia kutengeneza NADPH, kibeba hidrojeni chengine. Hii ndiyo inayoirudishia glutathioni, kinga ya chembe, uwezo wa kuondoa hidrojeni peroksaidi kabla haijaharibu himoglobini. Seli nyengine zina vyanzo vyengine vya NADPH. Chembe nyekundu inategemea hiki tu. Jeni ya G6PD imo katika kromosomu X, na upungufu wa kimeng'enya hicho umeenea katika nchi zilizokaa na malaria kwa vizazi vingi, Unguja na Pemba zikiwemo. Mwenye upungufu anaweza kuishi miaka bila dalili. Akipewa primakwini (dawa ya malaria) ya siku nyingi au dapsoni (dawa ya ukoma), au mtoto mchanga akavishwa nguo zilizohifadhiwa na naftalini, himoglobini hugandana, chembe hupasuka, macho huwa manjano na mkojo hutoka mweusi kama chai ya mkandaa.

Kinachopotosha zaidi ni wakati wa kupima. Katika aina ya upungufu iliyozoeleka Afrika, kimeng'enya huchakaa haraka, hivyo chembe kongwe ndizo zinazopasuka kwanza. Zinazobaki ni changa, zenye G6PD ya kutosha, na kipimo kikifanywa siku hizo huweza kusoma kawaida. Kirudiwe baada ya miezi 3 hivi. Ikiwa mgonjwa aliongezewa damu, muda huo uhesabiwe tangu siku aliyoongezewa, kwa sababu kabla ya hapo maabara itakuwa inapima pia chembe za aliyechangia.