Walestrigoni si Saiklopi

Walestrigoni ni majitu yenye kula watu katika kitabu cha kumi cha Odyssey, utenzi wa Kiyunani wa Homer. Ukiuliza maana ya neno hilo, ndiyo hiyo. Kinachochosha ni hii tabia ya kuyatia majitu yote kapu moja: jitu likishakula mtu, basi ni Saiklopi, lina jicho moja na linakaa pangoni.

Saiklopi aliyewala wenzake Odysseus, shujaa wa utenzi huo, ni mmoja tu, Polyphemus, mfugaji wa kondoo na mbuzi. Homer anasema Saiklopi hawana baraza wala sheria, hawalimi, hawana merikebu. Kila mmoja anatawala wake zake na watoto wake pangoni, na ya jirani hayamhusu. Walestrigoni wana mji, Telepylos. Wana mfalme, Antiphates. Wana hata barabara nzuri ya kuteremshia kuni kutoka milimani. Wajumbe watatu wa Odysseus walimkuta binti wa mfalme akienda kuteka maji kwenye chemchemi ya Artakia, wakamuuliza njia, naye akawaonyesha nyumba ya baba yake. Ndani wakamkuta mama mwenye nyumba, mkubwa kama kilele cha mlima. Akamwita mumewe kutoka barazani (kumbe baraza wanalo!). Antiphates hakuuliza hata habari za safari: alimkamata mjumbe mmoja akamfanya kitoweo.

Wawili waliobaki walitimua mbio. Mfalme akapiga yowe, raia wake wakamiminika kwa maelfu, wakavurumisha mawe kutoka kwenye majabali yanayoizunguka bandari, na watu wakachomwa mikuki kama samaki. Kati ya merikebu 12 ilipona moja, ya Odysseus mwenyewe, aliyeifunga nje ya bandari na kuikata kamba kwa upanga. Polyphemus, pamoja na umaarufu wake wote, alikula watu 6.

Wengine huwaita Walestrigoni kwa jina la Gigantes. Kwa umbo Homer anawafananisha nao, sawa, lakini Gigantes, watoto wa Gaia (mungu wa kike wa dunia), wanajulikana kwa kupigana na miungu wa Olympus, si kwa kula watu. Hata Saiklopi wenyewe si wote walaji: wale watatu wa mshairi mwingine wa Kiyunani, Hesiod, yaani Brontes, Steropes na Arges, walimfulia Zeus, mfalme wa miungu, radi.

Kuhusu macho ya Walestrigoni, Homer hataji upungufu wowote. Anayemchora Antiphates amwachie tu yake mawili.