Springi ya mbele "imechoka": fundi anamaanisha nini?

Fundi akiinama mbele ya Land Rover ya zamani, akachungulia nyuma ya gurudumu na kutamka "springi zimechoka", wengi huuliza bei ya springi mpya papo hapo. Wangeuliza kwanza: kimechoka nini? Ugonjwa unaoitwa kuchoka ni wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake.

Tuchukue Land Rover za Series, zile zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, maana ndizo bado tunaziona mashambani na mbugani, na springi zake zote nne ni za mabapa. Mabapa ya chuma hupangwa, refu likiwa juu na mafupi yakifuata chini, kisha hushikwa katikati na senta bolti. Yubolti, yaani bolti zenye umbo la U, ndizo zinazoifunga springi kwenye ekseli. Bapa la juu limekunjwa ncha zote mbili kuwa macho, na ndani ya kila jicho kuna bushi, kipande cha mpira na chuma kinachopitiwa na bolti. Kwa springi za mbele, jicho la mbele limefungwa kwenye chasisi bila kusogea. La nyuma limeshikwa na vibao viwili vya chuma vinavyobembea, kwa sababu springi ikielemewa na uzito hunyooka, na ikinyooka hurefuka. Ikikosa nafasi ya kurefukia, haifanyi kazi.

Uchovu wa kwanza ni wa chuma chenyewe. Kimebeba uzito miaka mingi, upinde umelala, gari limeshuka, na kwenye shimo ekseli inagonga mpira wa kuzuia chini ya chasisi. Hapa pia ndipo linapoingia bapa lililovunjika. Mara nyingi huvunjika karibu na senta bolti, mahali ambapo tundu limepunguza nguvu ya chuma, na ufa hujificha chini ya tope. Osha kwanza ndipo uangalie.

Wa pili ni kutu, na huu huwapotosha watu kwa sababu dalili yake ni kinyume: gari halilegei, linakuwa gumu. Mabapa yanapaswa kuteleza moja juu ya jingine. Kutu ikijaa katikati huyashikamanisha, na springi nzima inakuwa kama pande moja la chuma. Panda juu ya bampa, ruka kidogo. Sehemu ya mbele isipocheza, au ikicheza kwa mlio huku unga wa kahawia ukidondoka katikati ya mabapa, umeshapata jibu. Hali ikiwa si mbaya, springi hufunguliwa, mabapa yakasuguliwa kwa brashi ya waya, yakapakwa grisi ya grafaiti na kufungwa tena. Lakini kama kutu imeshakula unene, achana nayo. Ugumu wa bapa hufuata kipeo cha tatu cha unene wake (unene mara unene mara unene), yaani unene ukipungua kwa sehemu moja ya kumi, zaidi ya robo ya ugumu imekwenda.

Wa tatu ni bushi, na kwa maoni yangu ndizo ambazo kosa lake springi husingiziwa mara nyingi kuliko yote. Bushi ya Land Rover ni mpira uliobanwa kati ya bomba mbili za chuma. Mpira ukikatika, mbele inagonga kwenye matuta na usukani unatangatanga. Ingiza mtalimbo karibu na jicho usukume: chuma kikihama upande, bushi imekwisha, hata kama bapa ni zima kabisa.

Kabla ya kuhukumu, simamisha gari mahali tambarare, shusha mizigo, sawazisha upepo wa matairi, kisha pima kutoka ekseli hadi chasisi kila upande. Pima pia kutoka bolti ya jicho la mbele hadi ekseli, kulia na kushoto. Kipimo hiki cha pili kisipolingana kulia na kushoto, huenda senta bolti imekatika na ekseli imehama, ndiyo maana gari linatembea kiubavu kama kaa.

Ukiamua kubadilisha, badilisha zote mbili za mbele. Na uagize kwa upande: kwenye Land Rover fupi yenye usukani wa kulia, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha kulia, alipo dereva, hivyo springi ya upande huo ilitengenezwa na upinde mkubwa zaidi. Ukizigeuza, gari litainama na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Kuongeza bapa moja kwenye springi iliyolala kunainua gari, ila kunaliongezea ukakamavu. Kuchoma bapa kwa moto ili kulikunja upya ni kuliua, kwa sababu chuma kinapoteza ugumu kilichopewa kiwandani.

Kwenye kufunga, inua gari kwa chasisi, weka stendi imara, na ekseli uibebe kwa jeki nyingine ili uishushe polepole bila kuuvuta mpira wa breki. Bolti za macho huwa zimeganda ndani ya bushi. Usizipige nyundo siku nzima, zikate kwa msumeno au grainda na ununue mpya, pamoja na yubolti, kwani za zamani zimeshavutika. Hakikisha kichwa cha senta bolti kimekaa kwenye tundu lake kabla ya kukaza chochote.

Sasa jambo linaloharibu bushi mpya ndani ya muda mfupi: kukaza bolti za macho gari likiwa bado juu. Mpira wa bushi haupaswi kuzunguka, unapaswa kujipinda tu. Ukikazwa springi ikining'inia, gari likishushwa mpira unakaa umesokotwa muda wote hadi unachanika. Zifunge kwa mkono kwanza, shusha gari libebe uzito wake, lisukume mbele na nyuma kidogo, ndipo ukaze. Yubolti zikaze kwa kupishana, pembe kwa pembe, na uzirudie baada ya safari ya kwanza ya kilomita mia chache, kwa sababu mabapa mapya hukaa sawa na nati hulegea.